Goti, Ubao na Kona Fupi

Hoja iliyoletwa kwenye benchi la kahawa la Kariakoo, hatua chache kutoka viwanja vya Kidongo Chekundu, ilikuwa ya sentensi moja: katika mechi za vijana wa chini ya miaka 16, shuti la kwanza la kona fupi lisipande juu ya ubao wa chini wa goli, liwe la kupigwa, la kusukumwa au la kurushwa. Aliyeileta alikuwa refa mstaafu wa mpira wa magongo. Waliomzunguka walikuwa makocha wawili, wachezaji kadhaa ambao soksi za mazoezi zilikuwa bado miguuni, mama mmoja muuza khanga wa Mtaa wa Kongo ambaye mwanawe anacheza beki, na mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyewahi naye kuwa beki enzi zake. Kahawa ikaisha, ikaagizwa nyingine. Adhana ya magharibi ikakatiza mabishano, watu wakaenda kuswali, wakarudi na kuendelea pale pale walipoachia.

Msomaji anaweza kuuliza tangu lini Kariakoo pakawa na mpira wa magongo. Huku watu wanajua klabu mbili, moja ya Msimbazi na nyingine ya Jangwani, na mengine yote huonekana kama burudani ya kusubiria dabi. Lakini magongo yamekuwapo mjini tangu zama za Waingereza, Magoa na Masingasinga. Jeshi likayachukua, Moshi wakayapenda, na tangu mwaka 2015, Rais Jakaya Kikwete alipozindua kituo cha michezo cha vijana chenye jina lake pale Kidongo Chekundu, watoto wa Gerezani na Kariakoo wanaweza kuyafuata kwa kuvuka barabara tu.

Zaidi ya hayo, nchi hii imewahi kucheza magongo kwenye Olimpiki. Mwaka 1980 mataifa kadhaa yalisusia michezo ya Moscow, nafasi zikabaki wazi, na Tanzania ikapeleka timu ya wanaume. Timu zilikuwa sita. Tanzania ikafungwa na India mabao 18 kwa 0, ikamaliza ya sita, na India ikaondoka na dhahabu. Wazee wa mjini wanaoikumbuka michezo ile huzungumzia medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, na wana haki. Timu ya magongo huachwa ipite kimya kimya, kama jamaa aliyeaibika harusini.

Yale mabao 18 yana somo ambalo wachezaji wa leo hawalisikii. Olimpiki ilikuwa imeanza kuchezea magongo kwenye nyasi bandia mwaka 1976 huko Montreal. Kwenye nyasi za kawaida mpira hukwama, huruka, hupungua kasi. Kwenye nyasi bandia huteleza moja kwa moja. Baadaye magongo ya mbao yakapisha yale ya nyuzi za kaboni, mepesi na magumu zaidi, na washambuliaji wakaboresha ufundi wa kuuburuta mpira kwa gongo na kuurusha juu. Mchezo ukawa mwingine kabisa, huku miili ya wanaousimamia mstari wa goli ikibaki ile ile.

Kwa asiyeufahamu, kona fupi hutolewa beki anapofanya faulo ndani ya nusu duara lililo mbele ya goli. Mabeki wanne na golikipa hujipanga nyuma ya mstari wa goli, wenzao hurudishwa hadi katikati ya uwanja. Mshambuliaji mmoja huusukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, mita 10 kutoka mlingoti. Wa pili huutuliza nje ya nusu duara. Wa tatu hufyatua. Ukingo wa nusu duara uko mita 14.63 kutoka goli. Mpira ni mgumu, uzito wake gramu 156 hadi 163, na mrushaji hodari huupeleka kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Piga hesabu: ni nusu sekunde hivi mpaka golini. Na beki anayeitwa mkimbiaji wa kwanza hasubiri golini. Filimbi ikilia na mpira ukisukumwa, yeye hutoka mbio kuufuata, na kila hatua yake inaikata ile nusu sekunde.

Kanuni za kimataifa zimelitazama jambo hili kwa jicho moja. Shuti la kwanza likiwa la kupigwa, mpira unatakiwa uvuke mstari wa goli kwa kimo kisichozidi milimita 460, ambacho ndicho kimo cha ubao ulio chini ya nyavu. Ukiburutwa na kurushwa, unaruhusiwa kwenda kimo chochote, mradi refa asiuone kuwa wa hatari. Refa ataijuaje hatari? Beki aliye ndani ya mita tano akigongwa chini ya goti, kona inarudiwa. Akigongwa kwenye goti au juu yake akiwa amesimama kawaida, shuti linahesabiwa la hatari na timu yake inapewa mpira huru.

Mama muuza khanga alisikiliza maelezo hayo mpaka mwisho. Kisha akamgeukia refa mstaafu.

“Kwa hiyo, mzee wangu, rula yenu ni mwanangu mwenyewe?”

Hakuna aliyemjibu haraka.

Mwandishi alicheza nafasi hiyo ya mkimbiaji wa kwanza katika miaka ya 1980, akiwa kijana wa sekondari, kwenye uwanja ambao nusu yake ilikuwa nyasi na nusu mchanga. Vikinga ugoko vilikuwa vya kuazimana. Wasiovipata walichomeka vipande vya maboksi ndani ya soksi. Barakoa ya uso hakuna aliyewahi kuiona. Mpira wenyewe haukwenda kwa kasi ya leo, ila ulikuwa na hila yake: ulikuja chini chini, ukakutana na kishungi cha nyasi, ukaruka kidevuni. Mtu aliyekuwa akikimbia kwanza kabla yake alipigwa mdomoni siku moja, akatoka uwanjani na meno mawili kiganjani. Mechi haikusimama kwa muda mrefu. Mwalimu wa michezo alitazama benchi, akamnyooshea kidole mwandishi, na hivyo ndivyo alivyopata namba.

Alichojifunza mapema pale mbele hakimo katika kitabu chochote cha kanuni. Beki anayeogopa hugeuza uso, na anayegeuza uso haoni mpira, hivyo haukwepi. Mwalimu yule alikuwa akipaza sauti kutoka pembeni: “Usifumbe macho!” Ushauri ulikuwa sahihi. Ulikuwa pia ushauri wa bure, wa mtu asiye na kingine cha kutoa. Baada ya tukio la meno, wazazi waliitwa, ukafanyika mchango wa vifaa, vikapatikana vikinga ugoko zaidi, ambavyo havilindi mdomo. Si mzazi wala mwalimu aliyeuliza kama ile kona yenyewe ingeweza kuchezwa namna nyingine kwa watoto.

Miaka hii barakoa zimefika. Mabeki huzivaa wakati wa kona fupi tu, na tangu 2022 kanuni zinamruhusu aliyenasa mpira aendelee nao akiwa amevaa, aivue apatapo nafasi ya kwanza, mradi asitoke nayo nje ya eneo la mita 23. Ni mabadiliko mazuri. Zamani beki aliyenasa mpira alilazimika kuchagua kati ya kushambulia na kuvua kitu usoni. Hata hivyo, vikinga ugoko na kikinga meno bado vimewekwa kama pendekezo kwa wachezaji wasio magolikipa, na kila taifa linaamua lenyewe ukali wake.

Kocha wa kwanza kwenye benchi lile, kijana mwenye sauti kubwa, alisimamia hapo hapo. Zinunuliwe barakoa tano kwa kila timu, alisema, hoja iishe. Akiwazuia vijana wasirushe mpira juu, watakapokwenda kucheza na Wakenya au Waganda watakuwa mabubu mbele ya goli. Kenya walimaliza wa nne katika Kombe la Dunia la 1971 pale Barcelona. Watu wa namna hiyo huwafuati kwa kupunguza ufundi. Hoja yake ilikuwa na uzito na wachezaji wakaishangilia. Mmoja wao, nahodha, akatia neno ambalo huenda hakukusudia limsaidie mpinzani: tangu apate barakoa, yeye hukimbia moja kwa moja kwenye mstari wa mpira, jambo ambalo zamani asingethubutu.

Hapo mwandishi akakumbuka barafu.

Aliwahi kuupitia uwanja wa barafu wa Hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, wenye eneo dogo kuliko viwanja rasmi vya magongo ya barafuni. Ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilichukuliwa hadi Canada na kuvaa jezi pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Macho ya mwandishi siku ile hayakukaa sana kwenye ufundi. Yalimfuata kijana mmoja aliyefungwa pedi kuanzia kisigino hadi utosini, akijirusha kwenye ukuta wa pembeni kwa namna ambayo mtu mwenye fulana tu angeifikiria mara mbili.

Historia ya mchezo ule wa barafuni imejaa vifaa vilivyokuja baada ya damu, tena kwa shingo upande. Tarehe 1 Novemba 1959, huko New York, golikipa Jacques Plante wa Montreal alipigwa usoni na kisahani kigumu cha mpira ambacho wenzetu huchezea badala ya mpira wa duara. Akaenda kushonwa, akakataa kurudi uwanjani bila barakoa yake ya mazoezi. Kocha wake hakuipenda kabisa. Plante alirudi nayo, timu ikashinda, na polepole magolikipa wengine wakamfuata. Januari 1968, Bill Masterton wa Minnesota aliangukia kichwa barafuni bila helmeti, akafariki siku mbili baadaye. Ligi kuu ya Amerika Kaskazini ilisubiri hadi 1979 ndipo ikalazimisha helmeti, tena kwa wachezaji wapya tu. Waliokwisha kusaini mikataba waliruhusiwa kuendelea vichwa wazi. Wa mwisho wao, Craig MacTavish, alistaafu mwaka 1997.

Mtindo huo wa kuwasamehe wakongwe haujaisha. Tarehe 28 Oktoba 2023, Adam Johnson wa Nottingham Panthers alikatwa shingoni na wembe wa kiatu cha kuteleza wakati wa mechi mjini Sheffield, Uingereza, akafariki akiwa na miaka 29. Ndani ya wiki chache shirikisho la kimataifa likatangaza kwamba kikinga shingo ni lazima katika mashindano yake yote. Ligi ya Amerika Kaskazini nayo ikakubaliana na wachezaji wake kwamba kitakuwa lazima kuanzia msimu wa 2026-27, kwa wale ambao hawajawahi kucheza mechi hata moja kabla ya hapo. Ni kana kwamba shingo ya mkongwe ina ngozi nyingine.

Mwandishi hana ugomvi na vifaa. Ameona meno kiganjani. Lakini mfano wa barafuni uliobadili mambo kweli kwa watoto ulihusu namna ya kucheza. Marekani mwaka 2011, kisha Canada mwaka 2013, ziliondoa kikumbo, ule mgongano wa mwili unaoruhusiwa kisheria, katika mechi za watoto wa miaka 11 na 12. Utafiti uliotangulia ulikuwa umelinganisha watoto wa Alberta, walioruhusiwa kikumbo, na wa Quebec, waliokatazwa. Upande wa Alberta hatari ya kuumia ilikuwa zaidi ya mara tatu. Wote walivaa helmeti na pedi zile zile. Tofauti ilikuwa kile ambacho refa alikiruhusu.

Kanuni kama hiyo haihitaji kontena bandarini, wala ushuru, wala mfadhili. Katika mji ambao gongo moja zuri linaweza kumgharimu mzazi faida ya wiki nzima ya duka, hilo si jambo dogo. Barakoa tano kwa kila timu ni maneno mepesi benchini. Sandukuni mara nyingi hukutwa mbili, na moja kamba yake imekatika. Kocha anayepanga mabeki wanne na barakoa mbili anapanga pia nani aumie.

Wapenzi wa soka, yaani karibu kila aliyekuwa akipita pale, wanaujua mfano wao wenyewe. Mwaka 1998 sheria za soka zilitamka kuwa kumkwatua mchezaji kutoka nyuma kwa namna inayohatarisha usalama wake ni kadi nyekundu. Kabla ya hapo mabeki wagumu walikuwa wakisifiwa kwa kazi hiyo. Hakuna kiatu kipya kilichobuniwa kuwalinda washambuliaji. Beki alijifunza kufika kwa wakati au kuukosa mpira, na mchezo haukufa. Washambuliaji walipata nafasi ya kukimbia.

Kocha wa pili, mtu mzima asiyesema sana, alikuwa na pingamizi la kweli kuliko yote. Alihofu kwamba refa wa vijana, mara nyingi kijana mwenyewe anayejitolea, hataweza kuamua. Mpira wa kasi, umbali mdogo, wazazi wanapiga kelele. Atajuaje kama ulikuwa unaelekea milimita 460 au 500? Refa mstaafu alikuwa amelisubiri swali hilo. Ubao, alisema, una mlio. Shuti likiingia chini linaugonga na uwanja mzima unausikia. Likiingia kimya limepanda, na bao halihesabiwi. Likigonga mtu kabla ya kufika, refa afuate kanuni ya goti kama kawaida. Lakini mshambuliaji anayejua kuwa bao la juu halihesabiwi hatakuwa na sababu ya kulitafuta, na hapo ndipo beki anapopona: kwa sababu shuti la usoni halina faida tena.

Hoja hiyo ya faida ndiyo iliyomshawishi mwandishi, na ndiyo anayoitetea hapa. Adhabu hufika mtu akiwa amekwisha kugongwa. Kuondoa faida hutangulia. Na kuhusu vijana kuwa mabubu mbele ya Wakenya, kijana wa miaka 15 aliyejifunza kuupitisha mpira chini, kwa pasi ya kuzuga na kugeuza mwelekeo, amejifunza kitu kigumu kuliko kurusha kwa nguvu za bega. Kurusha atajifunza akiwa na miaka 16, mbele ya mabeki wenye barakoa na akili ya kuchagua wenyewe kama wasimame pale.

Asidhani mtu kwamba haya ni woga wa viwanja maskini. Novemba 2019, Sam Ward wa Uingereza, mshambuliaji wa kiwango cha juu kabisa, alipigwa usoni na mpira katika mechi ya kufuzu Olimpiki dhidi ya Malaysia, akapoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto. Alirudi, akacheza Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2023 shirikisho la kimataifa lenyewe lilitangaza jaribio la kuipanga upya kona fupi kwa ajili ya usalama, likitaka mpira utolewe mbali zaidi na nusu duara kabla ya kurudishwa golini, na washambuliaji wengi duniani walilalamika zaidi kuliko alivyolalamika kocha wetu mwenye sauti kubwa. Wenye maji ya kunyunyizia uwanja mzima kabla ya mechi, anasa ambayo mkazi wa Kariakoo mwenye ndoo zake anaisikia kama hadithi, nao bado wanabishana.

Benchini, hoja haikupita kama ilivyoletwa. Kocha mwenye sauti kubwa aligoma kwa vijana wa miaka 15, akakubali kwa walio chini ya miaka 14, na kwa mechi za bonanza tu, mpaka waone. Nahodha alitaka kila aliyepo achangie barakoa, na mama muuza khanga ndiye aliyetoa noti ya kwanza, huku akisema wazi kwamba fedha hiyo si kibali cha kumlenga mwanawe. Bonanza lilipochezwa mabao ya kona fupi yalipungua, hilo halina ubishi. Vijana walionekana kuchanganyikiwa mwanzoni, wakipiga nje na kulaumiana. Kisha mmoja akajifanya anataka kurusha, akausukuma pembeni kwa mwenzake, na ubao ukalia. Kocha mwenye sauti kubwa alikuwa wa kwanza kushangilia, ingawa hadi leo anasema kanuni ile ni ya kitoto. Ni kweli. Imeandikwa kwa ajili ya watoto.

Makubaliano ya bonanza hayamfungi mtu yeyote. Timu ya kutoka wilaya nyingine ikija na mrushaji wake wa miaka 13, refa atafungua kitabu cha kimataifa na mabeki watarudi kuwa rula. Kwa hiyo ombi linaelekezwa kwa chama cha mpira wa magongo nchini: kikae na marefa na makocha wa vijana kabla ya msimu, kiandike kimo cha shuti la kwanza kwa kila rika, na kiandike pia kwamba timu isiyo na barakoa za kutosha mabeki wake wote haichezi kona fupi hadi zipatikane, la sivyo kona igeuzwe mpira huru. Na wewe mzazi ambaye mwanao anasimama kwenye ule mstari, mwulize kocha kabla ya filimbi ya kwanza, ukiwa bado una nafasi ya kumtoa: barakoa zipo ngapi leo, na refa wetu anasikiliza ubao au anasubiri goti?